Azzan Mwanangu Halali

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
3 Machi 1936

Dada yangu Bi. Zeina,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo, barua ifuate nyuma. Sisi huku wazima, ila mvua imewahi mwaka huu na ukuta wa uani umeanza kumomonyoka upande wa jikoni. Abdulla anakusalimu sana. Duka lake la Msimbazi linakwenda, tende zilizoingia safari hii nene zinang'aa, nimekuwekea kikapu, nitampa mtu anayepanda meli ya Lindi. Fakhriya hajambo? Kashapata mume, au bado anawakataa wote? Mwambie mama yake mdogo kasema asichague sana, lakini asiokote tu.

Sasa nije kwa Azzan, maana najua ndiye unayemtafuta katika kila mstari.

Dada, yule mtoto uliyenipa ndiyo kwanza kaacha ziwa, hawezi hata kutafuna mkate, leo ananipita kimo. Nikitaka kumpiga kofi itabidi nipande kigoda. Yuko darasa la mwisho la skuli ya Serikali, na mwisho wa mwaka kuna mtihani. Watakaoshinda watapelekwa bara kwenye skuli kubwa, na wakitoka huko ni makarani, wanakaa kwenye kiti chenye mgongo, askari anawapigia saluti. Mwalimu wake, Bwana Isidori, alinisimamisha njiani akaniambia, "Mama Azzan, mwanao ana kichwa." Nikamwambia, "Nakijua, Mwalimu, nakinyoa mimi." Akacheka mpaka akashika kofia yake isianguke.

Lakini wenye vichwa wako wengi. Mimi nimetafuta njia yangu. Unanijua, nilisoma chuoni mpaka nikahitimu Kurani, na hizi herufi za kizungu nimejifunza kwa kumchungulia Azzan begani, kwa hiyo mambo ya ilimu hayanipiti. Nimewatazama wanafunzi wa mtaa huu. Wakishasali isha wanaanguka kama magunia. Nikasema hapo ndipo wangu atakapowaacha. Wao wakilala, yeye asome. Namkalia mwenyewe, taa ya chemni mezani, kahawa kali na tangawizi, sitii sukari hata punje. Akisinzia namtia miguu katika beseni la maji. Akisinzia tena namsimamisha, asome wima. Anajinyoosha kidogo baada ya alfajiri, kisha huyo, skuli. Mwanzo alilia, sasa kazoea.

Basi neno langu siku hizi ni moja. Nikienda sokoni, nikikaa barazani kwa jirani yangu Bi. Sitara, nawaambia wote waziwazi: Azzan mwanangu halali. Wananyamaza. Bi. Sitara mwenyewe ana mtoto darasa lile lile, Fikirini, anakoroma mpaka paka wanahama uani.

Muombee dua, dada. Dua yako kwake ina njia ya mkato.

Mdogo wako,
Mauza


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
24 Aprili 1936

Dada yangu,

Shikamoo. Meli zimekuja na kurudi, kila ikifika namtuma Azzan posta, anarudi mikono mitupu. Una homa? Tende zilioza njiani? Fakhriya kaolewa kimya kimya, mmesahau kunialika? Niandikie hata matusi, nijue mkono bado unaandika.

Azzan hajambo. Amekonda kidogo lakini imempendeza, uso umekuwa wa msomi. Macho mekundu kama ya wale wa Feri wanaorudi na samaki asubuhi. Bi. Sitara akaniuliza mbele ya watu, "Mama Azzan, mwanao ana safura?" Nikamwambia, "Safura unayo wewe, ya kijicho." Wanawake wakapiga makofi. Ilinipoza roho, sikufichi.

Kuna vichekesho pia. Juzi anatoka skuli anakatiza Mnazi Mmoja, kalala anatembea! Kamvaa muuza kahawa, vikombe vyote chini. Yule mzee akawa anamtukana, Azzan anamjibu, "Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo, Mwalimu." Mtaa mzima umecheka. Na wiki iliyopita kamsaidia Abdulla dukani, akampa mteja mafuta ya taa badala ya mafuta ya nazi. Abdulla alimkimbilia yule mtu mpaka mtaa wa Gerezani, akamkuta anakaribia kuyatia chunguni. Aliporudi, jasho linamtoka, akaniambia, "Mke wangu, mlaze huyu mtoto." Nikamwambia, "Wewe uza tende, ilimu niachie mimi." Kwani kosa la chupa ni kosa? Kichwa kimejaa vitabu, kitaona wapi chupa?

Jibu, dada. Kimya chako kinanichoma.

Mauza


Lindi
12 Mei 1936

Kwa Mauza binti Suud,

Barua zako zimefika. Tende zimefika. Fakhriya hajambo.

Sikuwa na nia ya kujibu. Najibu kwa kuwa umeniuliza kama mkono wangu bado unaandika. Unaandika.

Umeniletea maandishi ya mkono wako kwamba unatangaza sokoni na barazani kuwa Azzan ni mwanao halali, nao watu wananyamaza. Kwa nini wasinyamaze? Ni nani kati yao aliyeniona nilipomzaa? Nilikupa mtoto bila kukuwekea sharti, kwa sababu ulilia mbele yangu na mimi ni dada yako. Nikakubali akuite mama, na mimi aniite mama mkubwa. Sikudhani ipo siku utapita mitaani kunifanya mimi ndiye wa haramu.

Kama ni mwanao halali, dua nayo muombee mwenyewe.

Zeina binti Suud


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
8 Juni 1936

Dada yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo, mpaka uiitikie. Ile barua yako haikuwa na marahaba, nimeitafuta hata nyuma ya karatasi.

Nimeisoma nimekaa, nikaisoma nimesimama, nikaenda nayo jikoni nipate kuusingizia moshi. Dada! Halali usingizi! Mtoto halali, hafumbi jicho, yuko macho anasoma! Ndilo nililoandika. Ningekuwa na akili ningeandika "hasinzii", yasingetufika haya. Mimi nikuite wa haramu? Mimi niliyekuona ukimfunga yule mtoto mgongoni kwangu kwa mikono yako, ukakaza fundo, kisha ukalifungua, ukalikaza tena? Nilipomsomea Abdulla alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha ghafla, akasema, "Angekuwa analala, hilo neno lingeandikwa wapi?" Akaenda zake dukani.

Sasa tumepatana, eti? Haya, nikupe habari.

Maulidi mwaka huu yalikuwa makubwa, Mnazi Mmoja ilijaa. Na nani kachaguliwa katika vijana kusoma mlango mmoja wa kitabu cha Maulidi? Azzan. Kanzu mpya, kofia nimeishona mimi. Alipoanza, dada, watu walitulia, sauti ilikuwa inateremka kama maji. Nilikuwa upande wa wanawake, nawagusa magoti wenzangu, huyo, huyo. Katikati akanyamaza. Tukadhani anavuta pumzi. Kisha akaanza kusema hesabu za skuli, gari moshi moja linatoka hapa, jingine linatoka Morogoro, yatakutana wapi. Akawauliza mashekhe, "Yatakutana wapi? Mbona hamjibu?" Akacheka. Kilikuwa kicheko nisichokijua, nami mtoto wa kunichekea nyumbani ni yeye tu. Wanaume wakamshusha taratibu.

Watu walinipa pole. Lakini Bi. Kuruthumu, yule fundi wa mapepo, alinivuta pembeni akaniambia, "Usiwasikilize. Huyu kapandwa na ruhani wa ilimu. Ruhani hao hawampandi kila mtoto." Nilisikia fahari, dada. Kisha nikasikia baridi mgongoni, na jua lilikuwa kali.

Bi. Kuruthumu anasema apigiwe ngoma, ruhani ataje jina na masharti yake, akae kwa amani. Ngoma yenyewe ni ya kukesha, mgonjwa hatakiwi kufumba jicho mpaka jina litoke. Kwa hilo Azzan kashafuzu, sina wasiwasi. Abdulla hataki kusikia, lakini mwisho wa mwezi anakwenda Bagamoyo kutazama mzigo.

Niitikie shikamoo yangu.

Mdogo wako,
Mauza


Lindi
21 Juni 1936

Mauza, mdogo wangu,

Marahaba. Marahaba zote ulizokuwa unanidai. Fakhriya anakusalimu, ameposwa, hilo tutazungumza siku nyingine.

Nimekaa na hasira tangu mwezi wa tatu kwa ajili ya neno moja, na muda wote huo mtoto alikuwa macho. Sijui nitalibeba wapi hili.

Sasa nisikilize. Mlaze. Taa izime, kahawa imwage, vitabu vifungie kabatini kwako. Isha ikishasaliwa, kitandani, na asiamshwe mpaka aamke mwenyewe, hata skuli ikimkosa. Mtoto wa umri ule anaota mifupa na ndevu na akili kwa pamoja, atavipata wapi kama halazwi? Hana ruhani yule. Ana usingizi. Azzan alikuwa mlalaji tangu mchanga, nilikuwa namfinya kisigino ndipo anyonye. Huyo mlalaji ndiye niliyekupa.

Na ngoma usithubutu. Mtoto amenyimwa usingizi, halafu dawa yake iwe kukesha? Mwambie Bi. Kuruthumu dada yako kakataa.

Kama kumlaza huwezi, nirudishie. Mwezi wa tano ningesema hivi kwa hasira. Leo nasema kwa hofu. Nirudishie, Mauza.

Dada yako,
Zeina


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
13 Julai 1936

Dada yangu,

Shikamoo. Hongera ya posa, hongera sana, nitashona mwenyewe foronya za bibi harusi.

Hakuna haja ya kurudishiana watoto kama sufuria za shughuli. Azzan analala. Analala vizuri kabisa. Hata sasa ninavyoandika yuko chumbani, namsikia anaongea usingizini, lakini nani asiyeongea usingizini? Abdulla huuza duka zima.

Skuli wamempumzisha. Ni heshima hiyo, maana wenzake wako nyuma yake, wacha wamfikie. Bwana Isidori alikuja mwenyewe hapa nyumbani, akakaa naye kidogo, akatoka, hakumaliza chai. Nilimwambia, "Mwalimu, mtihani bado anao?" Akasema, "Tutaona, mama." Ni mtu wa haraka, walimu wana kazi nyingi.

Nyumba tumeitengeneza kidogo. Visu nimevihamishia kwa jirani kwa sababu ya panya. Mlango wa mbele tunautia kufuli kwa ndani, wezi wamezidi Kariakoo, na ufunguo naufunga kwenye pindo la kanga yangu. Abdulla karudi kutoka Bagamoyo. Hasemi sana, ni uchovu wa njia. Bi. Sitara analeta uji kila siku, hanitanii, hanichokozi, anaweka bakuli na kunishika mkono. Sijui ana nini yule mwanamke.

Ngoma tulikuwa tumeshaipiga barua yako ilipofika. Hilo nalo limekwisha.

Usije sasa, dada. Bahari ina mawimbi mwezi huu, na wewe hukawii kutapika. Mambo ni mazuri.

Mauza


Lindi
28 Julai 1936

Mdogo wangu,

Marahaba.

Panya hawaibi visu.

Mpe Azzan kalamu aniandikie mstari mmoja. Jina lake tu litanitosha, au anitukane kwa kumwacha, vyovyote. Kama barua yako ijayo haina mkono wake ndani, napanda meli ya kwanza itakayopita, mawimbi yasimame au yalale.

Sema kweli. Sitakugombeza. Nilikuwa nimenuna kwenye kochi langu huku, nina mdomo gani wa kukugombeza? Kwenye ile ngoma kulitokea nini?

Zeina


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
9 Agosti 1936

Dada Zeina,

Shikamoo. Abdulla anakusalimu. Ndiye aliyenikalisha niandike, kasema nisiposema leo atakuandikia yeye.

Hakuna mstari wa Azzan. Nilimpa kalamu. Akaishika, akaigeuza, akaniuliza, "Hii ya nani?" Nikamwambia yako, mwanangu, andika jina lako. Akaniuliza, "Lipi?"

Ngoma ilikuwa kwa Bi. Kuruthumu, wanawake peke yao, ubani umejaa mpaka huoni mwenzio. Tulimweka katikati kwenye kigoda. Akiinamisha kichwa, mtu anamnyanyua kidevu. Ngoma zikipoa, zinapokezwa na nyingine. Ikapita siku na kupambazuka, ikaingia nyingine. Bi. Kuruthumu anamwuliza, "Wewe nani? Taja jina lako, bwana. Unataka nini?" Hajibu. Mwisho akafungua mdomo, sauti yake ile ile, ya Azzan, si ya ruhani yeyote, akasema, "Nataka kulala tu. Nisameheni, nataka kulala." Bi. Kuruthumu akasema, "Mwerevu huyu, anakataa kutaja jina. Ongezeni ngoma." Wakaongeza. Na mimi, dada, nilikuwa katika wapigaji makofi. Nilimsikia vizuri alivyosema. Nikapiga makofi kwa nguvu zaidi, ili nisimsikie tena.

Jina halikutoka. Kulipokucha alisimama mwenyewe, akatabasamu, akasema hana usingizi tena. Tukapiga vigelegele.

Tangu pale hajalala. Nilikudanganya. Taa nimeitoa chumbani, kahawa nimeimwaga, godoro nimelijaza pamba mpya. Namwogesha maji ya uvuguvugu, namwimbia alizokuwa anazipenda utotoni, nasinzia mimi. Nikizinduka namkuta kakaa vilevile, macho wazi, anaangalia ukuta na kuuitikia kwa kichwa kama anasomeshwa. Kula anakula akilishwa. Mara mbili katoka, wamemrudisha vijana, Fikirini ndiye aliyemkuta ukingoni mwa mto Msimbazi, amesimama ndani ya matope mpaka magotini, anamwambia Fikirini apite taratibu, watu wamelala. Ndiyo sababu ya kufuli. Visu nimeviondoa kwa sababu alianza kuvitazama. Hakuvigusa. Alivitazama tu, nikaona nisingoje.

Abdulla alimpeleka kwa daktari wa Serikali. Kampa dawa chungu ya maji, alale. Anainywa, anashukuru, anakaa macho. Daktari anasema akifika mwisho wa mwezi hivi hivi atamwandikia barua, apelekwe bara kule wanakofungiwa wenye wazimu. Abdulla alimwuliza, "Wakifungwa huko hutoka lini?" Yule bwana akawa anafuta miwani yake.

Sikukuambia kwa kuwa uliandika nirudishie. Nilikuwa nalisoma lile neno kila siku. Nikajisemea, nikisema kweli atakuja kumchukua, nikinyamaza atapona, atafanya mtihani, na Zeina atasikia habari akiwa karani. Ndivyo nilivyofikiri, na yeye yuko chumbani anahesabu mambo yasiyohesabika. Nilitaka watu wanione. Sasa wananiona, kila nikipita wanashusha sauti.

Leo asubuhi nilimpelekea uji. Akanitazama muda mrefu, kwa adabu kabisa, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomtazama mgeni. Akasema, "Shikamoo, bibi." Nikasema marahaba. Akaniuliza, "Mama yangu yuko wapi?"

Sikujua anamwulizia nani kati yetu. Miaka yote hii ningejibu kabla hajafunga mdomo. Bakuli lilikuwa linaniunguza vidole. Nikamwambia, "Mama yako anakuja. Yuko njiani, anatoka Lindi."

Akasema, "Basi nitamngoja."

Nikamwambia amngoje kitandani, akifika nitamwamsha. Akakataa. Amekwenda kusimama mlangoni, kwenye kufuli, paji la uso limegusa ubao, na mpaka sasa ninavyoandika yuko pale. Abdulla anapita pembeni yake na viatu mkononi. Barua hii inaondoka na mtu leo hii, meli ya kwenda kwako inang'oa nanga jioni. Rudi nayo, dada, ukija usipige hodi, sukuma tu. Siku meli itakaporudi kufuli nitalifungua mapema mimi, nitakuwa nimemshika.

Mauza